Pafyumu ya ua la mdanzi: dalili, sababu, na cha kufanya kabla hujasema ni feki

Mwaka juzi nilinunua chupa ya ml 50 ya pafyumu ya maua ya mchungwa, hela yake niliiweka kidogo kidogo karibu miezi minne. Dukani nilipuliza mara moja nikaipenda nikalipa nikaondoka. Kesho yake nyumbani napuliza nasikia spiriti tupu, afu limau, afu baada ya nusu saa kikapanda kitu kizito kama maua yaliyolala kwenye glasi ya maji siku mbili, nikasema hapa nimeuziwa feki, nikaifungia kabatini. Ikakaa huko mpaka siku moja nimeipuliza tu ili iishe, bibi yangu, mtu wa Pangani, akanishika mkono akavuta harufu akaniuliza, "Mjukuu wangu, kikuba umekitoa wapi saa hizi?" Kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, hapakua nacho. Ilikua pafyumu ile ile, ila ilishakaa mwilini kama saa moja na nusu, na bibi alinusa kile ambacho mi kila siku nlikua nakikimbilia bafuni kukiosha kabla hakijakomaa.

Tangu hapo hii harufu naifuatilia kwa moyo wote, na ndugu na majirani wakipata chupa ya aina hii na wakaona haiwaelewi wananiletea. Nilichokiona ni kwamba malalamiko mengi sana yanatoka kwa mtu aliyenusa kituo kimoja cha safari akadhani ndo safari nzima. Machache ndo chupa mbovu kweli. Sa naandika dalili moja moja jinsi watu wanavyozisema, na sababu zake, na cha kufanya.

Ila kwanza ujue unanusa nini, maana ukikosa hapa huko mbele kote utapotea.

Ua lenyewe mara nyingi ni la mdanzi, lile danzi chungu ambalo wazee wa pwani wanalijua, sio chungwa tamu la kumenya. Mti asili yake Asia, Waarabu ndo wakaupeleka pande za Mediterania, na mpaka leo Sevilla huko Hispania mitaa imepandwa midanzi na ikifika majira ya kuchanua mji mzima unanukia, ua wanaliita azahar, neno lililotoka kwenye Kiarabu zahr. Kule Tunisia, Nabeul, kwenye rasi ya Cap Bon, maua yanachumwa kwa mkono kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu na kuendelea mwezi wa nne, yanapelekwa kukenekwa, yani kupikwa kwa mvuke ili harufu itoke, siku hiyo hiyo maana ua likilala limekufa. Ukilikeneka kwa mvuke unapata mafuta yanaitwa neroli, na ni kama tani nzima ya maua kupata kilo moja ya mafuta, hapo ndo uelewe bei. Jina lenyewe limetokana na Nerola, mji wa Italia, inasemekana mke wa mtawala wa huko karne ya 17 alikua anatia mafuta haya kwenye glavu zake watu wakaiga. Maji yanayotoka pamoja na mafuta hayo hayamwagwi, ndo maji ya maua ya kutilia kwenye vitamu na kunyunyizia wageni, Moroko wanawanyunyizia wageni kama sisi tunavyotumia mrashi wa halwaridi kwenye maulidi.

Ua hilo hilo ukilitoa harufu kwa kiyeyusho badala ya mvuke unapata kitu kingine kabisa, kinaitwa absoluti. Neroli ni nyepesi, kijani, kama asubuhi, ina ukali kidogo wa ganda. Absoluti ni nzito, ina asali, ina joto, ina kitu cha mwili wa mtu. Na majani na vijiti vya mti huo huo vikikenekwa vinatoa petitgrain, chungu, kavu, harufu ya tawi limevunjwa. Yani mti mmoja una sura tatu, na maganda ya tunda ni sura ya nne. Pafyumu ikiandikwa tu "orange blossom" hujui mtengenezaji kachukua ipi na kachanganya vipi, na hapo ndo matatizo mengi yanapozaliwa.

"Dakika tano za mwanzo nanusa spiriti na limau tu"

Hii naletewa kuliko zote. Pafyumu ya kupuliza sehemu kubwa ni alkoholi, hata ikiandikwa eau de parfum mafuta ya harufu ndani yake kwa kawaida ni kama asilimia 15 mpaka 20 hivi, iliyobaki karibu yote ni alkoholi na maji kidogo. Alkoholi inachemka nyuzi 78. Limonini, ile harufu ya ganda la chungwa, ni nyuzi 176, linaloli ambayo ndo uti wa mgongo wa neroli ni karibu 198, na ile indoli ambayo tutaizungumzia sana hapo chini imepita 250. Mwilini hakuna kinachochemka, ila kinachochemka mapema ndo huruka mapema, kwa hiyo zinapanga foleni mlangoni: spiriti inatoka, ganda linafuata, afu majani, afu ua, na wazito wako nyuma kabisa wanasubiri. Wewe ukibandika pua kwenye mkono sekunde ile ile umepuliza unakutana na aliyeko mbele ya foleni tu.

Puliza, hesabu taratibu mpaka dakika moja, afu sogeza pua ila usiigandishe kwenye ngozi, iache kama upana wa kiganja. Na usisugue mikono. Watu wanasema kusugua kunavunja harufu, hapana, kunaipasha joto na kuitandaza kwa hiyo ule mwanzo unakimbia haraka zaidi, na mwanzo wa neroli ni mtamu mno kuupoteza hivo. Kama chupa haijaguswa wiki kadhaa basi puliza mara moja mbili hewani kwanza, ile iliyobaki kwenye mrija imeshachoka.

"Ilikua tamu sana, dakika ishirini imeondoka"

Hapa kuna sababu tatu na zinafanana kwa nje, kwa hiyo usikisie, pima. Chukua kitambaa safi cha pamba, puliza mara moja kwenye kitambaa na mara moja mkononi kwa wakati mmoja. Kitambaa kiache chumba kingine. Baada ya saa moja toka nje kabisa, vuta hewa, kaa dakika kumi, afu rudi unuse vyote viwili, na umuombe mtu ambaye hajakaa na wewe naye anuse.

Kama huyo mtu anaisikia na wewe huisikii, pafyumu ipo, pua yako ndo imeizoea. Pua inazoea kitu inachokinusa muda wote, na kuna watu baadhi ya miski za maabara pua zao hazizishiki kabisa, tangu wamezaliwa, na pafyumu nyingi za ua hili zimekalia miski hizo hizo chini. Kosa kubwa watu wanalofanya hapa ni kuongeza, wanapuliza mara nane, wakipanda gari wenzao wanafungua vioo.

Kama kitambaani ipo na mkononi haipo hata kwa yule mwenzako, tatizo ni ngozi. Ngozi kavu inaachia haraka. Dawa yake ni rahisi, paka mafuta ya mgando kidogo sana pale unapopulizia, yale yasiyo na harufu, yanaishika. Na huku kwetu pwani kuna joto na jasho, feni inakupiga, umetoka kuoga maji ya baridi mwili umepoa dakika tano afu umerudi kulowa, kila kitu chepesi kinaruka. Mi napuliza kifuani chini ya nguo na nyuma ya shingo karibu na nywele, mikono naiacha maana naiosha mara ishirini kwa siku.

Na kama kote kote imekwisha, basi hiyo ndo ilivyotengenezwa. Angalia chupa, ikiwa imeandikwa eau de cologne mafuta ya harufu ni machache na mengi yake ni ya ganda na neroli, vitu vya mbele ya foleni vitupu. Ni harufu ya kujirudishia, unabeba kichupa kidogo kwenye mkoba unapuliza tena mchana. Ukiilaumu kwa kutokudumu unaidai kitu ambacho haikuahidi.

"Inanikumbusha sabuni"

Ni kweli, na pua yako haijakosea. Mwaka 1709 huko Cologne Ujerumani Johann Maria Farina alianza kutengeneza maji yake ya manukato yenye machungwa, limau, bergamoti na neroli, na tangu hapo mtindo huo ukaigwa mpaka kwenye sabuni, poda, shampuu, vitambaa vya kujifutia. Kwa hiyo ni sabuni ndo inanukia neroli, neroli ilikuwepo kabla. Ongeza na miski nyeupe zinazowekwa kwenye sabuni za kufulia, zikikaa chini ya ua hili picha inayokuja ni shuka limeanikwa juani. Mi naipenda hiyo hali kuliko maelezo. Neroli Portofino ya Tom Ford iko upande huu waziwazi, safi, ya kuoga. Kama hutaki sabuni kabisa basi hutafuti neroli, tafuta iliyoegemea absoluti, yenye asali au asumini au langilangi ndani, kama Elie Saab Le Parfum aliyoitengeneza Francis Kurkdjian mwaka 2011, ua la mchungwa lipo mbele ila linakwenda kwenye asumini na asali na mbao.

"Inaanza vizuri afu inanuka... nashindwa hata kusema"

Semeni tu. Nepi. Choo. Dawa ya nondo. Maua ya kaburini. Kuna dada aliniletea kichupa amekifunga kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, ameona aibu.

Hii ndo ilikua yangu na bibi, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Ndani ya ua la mdanzi kuna indoli. Indoli ikiwa peke yake na nyingi ni mbaya, inafanana na vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo, na kwa kweli kinyesi nacho kina indoli, hilo halifichiki. Ila ikiwa chembe kidogo ndani ya kundi la harufu nyingine inafanya kazi ambayo hakuna mwingine anaiweza, inalifanya ua linukie kama ua lililo hai, lenye joto, usiku, badala ya picha ya ua. Asumini anayo nyingi tu. Wewe uliyekulia pwani unaijua hii bila kuambiwa jina: asumini inayotungwa jioni inavyonukia, na ile ile iliyolalia mto ikiamka asubuhi imegeuka rangi, harufu imekua nzito, ina utamu unaokaribia kuoza lakini haujafika. Kiswahili kimetugawia hapa vizuri sana, tuna kunukia na tuna kunuka, na indoli inakaa pale katikati kwenye ile herufi moja.

Absoluti ina indoli nyingi kuliko neroli. Kwa hiyo kama pafyumu yako imejengwa kwa absoluti, au mtengenezaji kaiongeza kwa makusudi, basi kati ya dakika ya 30 na saa moja na nusu hivi, baada ya ganda na majani kuondoka na kabla miski na mbao hazijaja kuipokea, indoli inabaki jukwaani karibu peke yake. Hapo ndo watu wanakimbilia bomba. Mi nilikua nakimbia dakika ya 35 kila siku, saa ya bibi sijawahi kuifikia hata mara moja.

Cha kufanya: punguza, puliza mara moja tu badala ya nne, maana kinachonuka kwa wingi hunukia kwa uchache. Usiinuse kwa karibu katika muda huo, mwache mtu mwingine akutane nayo hewani. Puliza saa moja kabla hujatoka, yani ivae ukiwa bado unapiga pasi na kusuka nywele, ukifika kwenye shughuli imeshavuka daraja. Na ukishafanya hivyo siku tatu nne na bado inakukera, mpe mtu, haina ubaya, kuna pua zinaikamata indoli kali kuliko nyingine na hutaishi na kitu kinachokukera.

Dalili ya jirani yake ni "inanuka kwapa". Hapo mara nyingi indoli ina mwenzake, na mwenzake ni bizari nyembamba. Wapo wanaoiweka kwa makusudi kulipa ua joto la ngozi, Fleurs d'Oranger ya Serge Lutens kwa mfano ina bizari nyembamba pamoja na asumini na tuberosi, na sisi ambao tunaijua bizari kwenye pilau tunaikamata haraka sana. Joto likizidi inapanda zaidi. Ivae usiku, au miezi ya baridi, mwezi wa sita wa saba, utaona ilivyotulia.

"Inanukia pipi ya zabibu"

Zile pipi za zambarau, ndio. Kuna kitu kinaitwa methili anthranileti, kipo kwenye ua la mdanzi na kipo pia kwenye zabibu za aina ya Concord za Marekani, na ndo kinachotumika kutia ladha ya zabibu kwenye pipi na bazoka. Ikiwa kidogo ni utamu mzuri wa tunda nyuma ya ua. Pafyumu za bei nafuu zinakitegemea sana kwa sababu ni rahisi kupatikana na kinaita ua kwa haraka, kwa hiyo ukisikia pipi mwanzo mpaka mwisho bila kugeuka, uwezekano ni kwamba umenunua mchanganyiko mfupi wa vitu vichache. Haina madhara, na wala sisemi ya maabara ni mbaya, bila maabara hakuna ambaye angeweza kuvaa ua hili kila siku kwa ile hesabu ya tani kwa kilo. Ila haitakufungukia zaidi ya hapo hata ukiisubiri mpaka kesho, kwa hiyo usiisubiri.

"Ilikua kama maji, sa imekua kama chai"

Naomba hapa tusikilizane maana watu wanatupa chupa nzima. Pafyumu za ua la mchungwa zinabadilika rangi kuliko pafyumu nyingi nyingine na sababu yake iko ndani ya harufu yenyewe. Hiyo hiyo methili anthranileti ikikutana na aldehaidi, kundi la kemikali za harufu ambazo zipo kwenye pafyumu nyingi, wanashikana na kuzaa kitu kipya chenye rangi ya njano mpaka chungwa iliyokolea, wanakemia wanakiita besi ya Schiff, kwa jina la Hugo Schiff aliyezieleza mwaka 1864. Watengenezaji wengine wanavipika kabisa hivyo viwili kabla na kutumia zao lake kama harufu, linaitwa aurantioli, zito, tamu, la ua la mchungwa, linadumu sana. Kwa hiyo chupa inaweza kugiza polepole ikiwa nzima na hata ikawa imetulia zaidi, imekua ya mviringo kuliko mwanzo. Vanila nayo ikiwemo inafanya hivyo hivyo.

Yangu leo ni rangi ya chai ya rangi na inanukia vizuri kuliko siku niliyoinunua.

Rangi peke yake isikutishe. Harufu ndo shahidi. Ukipuliza na mwanzo wake umekua mkali kama rangi ya mafuta ya ukutani, kama tapentaini, au una harufu ya mafuta ya kupikia yaliyochacha, na ile furaha ya ganda la chungwa haipo tena, hapo limonini na linaloli zimeungana na hewa, imechacha. Ipe nafasi moja, subiri nusu saa, wakati mwingine uliochacha ni mwanzo tu na ua bado zima. Ila ikichacha mwanzo mpaka mwisho usiipake kwenye ngozi, na sababu nitaitaja hapo chini.

Kinachochachisha ni joto, mwanga na hewa. Dirishani juu ya meza ya kioo panapendeza kwenye picha, pafyumu inakufa. Bafuni mvuke na joto vinapanda vinashuka kila siku. Kwenye gari mchana wa mwezi wa pili Dar, dashibodi inaunguza mkono, sa fikiria kichupa. Irudishe kwenye boksi lake, weka kabatini chini nyuma ya nguo, funga kifuniko. Na ukihamishia kwenye vichupa vidogo vijaze mpaka juu, kichupa nusu tupu kina hewa nusu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya rangi, usipulizie kanzu nyeupe wala shela. Doa la njano la hii kitu linakuja polepole, leo hulioni, baada ya kufua na kupiga pasi unaliona. Kama unataka ikae kwenye nguo puliza kwa ndani ya pindo au kwenye nguo ya giza.

"Inaniwasha" au "imeniachia alama"

Haya ni mambo mawili tofauti. Kuwasha na vipele mara nyingi ni mzio, na linaloli na limonini zikishaungana na hewa ndo zinakua kali kwa ngozi zaidi ya zilivyokua mpya, ndo maana nimesema iliyochacha usiipake. Acha kuitumia, osha kwa maji mengi, ukiona haitulii nenda kwa daktari wa ngozi.

Alama nyeusi iliyofuata umbo la mpulizo, kama mtiririko shingoni, baada ya kukaa juani, hiyo mara nyingi ni bergapteni, inatoka kwenye mafuta ya maganda ya jamii ya machungwa kama bergamoti na inafanya kazi pamoja na jua. Neroli yenyewe haina tatizo hilo, na pafyumu za kiwandani za siku hizi zinadhibiti bergapteni. Tahadhari zaidi na mchanganyiko wa nyumbani, mtu kachukua mafuta ya maganda kachanganya na mafuta ya nazi anakwambia ni ua la mchungwa asilia paka uende ufukweni. Soma kibandiko cha kichupa cha mafuta: ukikuta Aurantium Amara na neno Flower ni ua la mdanzi, ukikuta Dulcis na neno Peel ni ganda la chungwa tamu, ni kitu kizuri ila sio ulichokua unatafuta.

"Nimenunua mafuta ya kupima, hayageuki kabisa"

Yanageuka kidogo, ila taratibu. Hayana alkoholi ya kuwasukuma wale wa mbele ya foleni, kwa hiyo huo mwanzo wa ganda na majani hausikii vizuri, unaingia moja kwa moja kwenye ua na yanakaa hapo karibu na ngozi masaa mengi. Kwa mtu anayetaka kikuba bila purukushani ya limau hii inafaa sana, mi mwenyewe Ijumaa natumia haya juu ya nguo zilizofukizwa udi, ua la mdanzi na moshi wa udi vinapatana, udi unaipokea ile indoli na kuiweka sawa. Ila ukitaka kuona ua linafunguka hatua kwa hatua unahitaji ya kupuliza.

Kichwa kuuma ni wingi tu mara nyingi, punguza, fungua dirisha. Ikiendelea hata na tone moja, achana nayo.

"Dukani ilikua nyingine kabisa"

Dukani uliinusa kwenye karatasi, kwenye kiyoyozi, baada ya kunusa nyingine tisa. Karatasi haina joto wala mafuta ya mwili, inashikilia mwanzo muda mrefu, kwa hiyo ulipenda ganda na majani ukalipia, nyumbani mwili wako ukakupeleka moja kwa moja kwenye ua. Mi hilo ndo lilinikuta na sikulijua.

Siku ya kununua nenda bila kujipaka chochote, hata losheni yenye harufu. Mwombe muuzaji akupulizie mara moja tu mkono mmoja, na mkono wa pili usiweke kitu. Mshukuru, toka nje. Kaendelee na shughuli zako Kariakoo, nunua vitambaa, kunywa juisi ya miwa, panda ngazi mpaka utoke jasho kidogo. Ikifika dakika ya 40 nusa kwa mbali, ikifika saa moja na nusu nusa tena, na kama kuna mtu mzima karibu yako anayekujua mnyooshee mkono umuulize anasikia nini, usimwambie ni nini. Usiku kabla ya kulala nusa mara ya mwisho. Kama bado unaitaka, chupa utaikuta pale pale kesho.